Kichwa cha Kelepi

Toakase akishika usukani wa lori, mbwa wa kijiji kizima wanapanda ukingoni. Si kwamba anaendesha vibaya. Anaendesha kama mwenye barabara, na honi yake haina adabu. Viazi vikuu vya nusu ya kisiwa chetu vinafika bandarini mjini Neiafu kwa mikono yake, na karani wa bandari akithubutu kumwambia asubiri zamu, anamtazama tu kutoka juu mpaka karani akumbuke kwamba ana kazi nyingine. Ana mabega mapana, kicheko cha kuamsha watoto, na mdomo ambao marehemu baba yangu alisema ungetosha familia mbili. Tumekua pamoja tangu titi la mama. Nikisema kuna jambo moja tu lililowahi kumtoa machozi mwanamke huyu, niaminini.

Jambo lenyewe ni neno baba.

Baba yangu, Kelepi, alikuwa na dada mmoja tu. Dada huyo alifariki akimzaa Toakase, na kabla matanga hayajaisha baba alishamleta mtoto nyumbani, mama yangu akawa anatunyonyesha wote wawili. Moala, aliyemzaa Toakase, alikwenda Auckland kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke, akabaki huko. Lakini kwetu mtu hakosi baba. Kaka zake Moala walikuwapo wawili kisiwa cha pili, na hao nao ni baba, kwa neno lile lile, bila kupunguza. Kwa hiyo Toakase alikuwa na baba watatu wazima wenye afya zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnunulia kandambili. Aliyemnunulia kandambili ni Kelepi, naye Kelepi hakuwa baba. Alikuwa kaka wa mama yake, na mtu huyo kwa lugha yetu anaitwa mama mwanamume. Kucha kutwa alimlea yeye, lakini jina la baba likakaa ng'ambo ya maji na watu wasiojua hata mtoto anapenda kula nini.

Na si jina tu. Baba kwetu ni mwiko mtupu. Mimi, Lesieli, na kaka yangu Semisi hatukula makombo ya baba, hatukunywea kikombe chake, hatukukalia kitanda chake, na kichwa chake hatukukigusa hata siku moja. Inzi akitua pale, tulimwambia, hatukumfukuza. Toakase alikuwa mtoto wa dada, yaani fahu wetu, na fahu yuko juu ya mjomba wake na juu ya watoto wote wa mjomba. Anachotaka anachukua. Basi sisi tukikaa mkekani kwa heshima, yeye alikuwa amepanda mabegani mwa baba, anakula kichwa cha samaki kutoka sahani yake, anamchana nywele kwa kitana cha mti. Kulikuwa na kitu pale kisogoni alichokuwa akikitafuta kwa kidole. Akikipata, anacheka, na baba anacheka, na sisi wawili tunameza mate. Nilimwonea kijicho, sitaficha.

Halafu tukachoma ghala la nazi.

Tulikuwa wadogo bado, mimi na yeye, tukicheza na kiberiti mahali pasipochezewa. Ghala likawaka, nazi zote zilizokaushwa kwa kuuza zikaenda na moshi. Baba akakata fimbo. Nikachapwa mimi kwanza, nikachapwa sawasawa. Toakase alisimama nyuma yangu anasubiri zamu yake, amekwisha kunja uso na kushika sketi. Baba akampita, akaitupa fimbo kichakani.

"Na mimi je?" Toakase akauliza.

"Wewe? Nani mwenye mkono wa kukupiga wewe?"

"Kiberiti kilikuwa changu!"

"Hata kama. Huyu ni mwanangu, nikikosea kumpiga ni shauri langu. Wewe ni mkubwa wangu."

Alisema hivyo kwa mahaba, akitabasamu. Alidhani anampa zawadi. Mtu wa kwetu yeyote angedhani hivyo hivyo, kwa maana hakuna cheo kitamu kuliko kile. Toakase aliangua kilio ambacho mimi mwenye mapaja yanayowaka sikukilia. "Nichape! Nichape na mimi!" Alimfuata mpaka mlangoni akimvuta shati. Baba hakuelewa. Akamwita mama, akasema mtoto ana homa.

Jioni ile baba alimbakizia kichwa cha samaki kama kawaida. Toakase akaisukuma sahani, akaja kukaa mkekani kwetu, akakunja miguu kama tulivyoikunja sisi. Hakula makombo ya baba tena. Hakupanda kitanda chake tena, na kitana akamrudishia mama. Baba, naye mbishi wa kwao, aliendelea kumbakizia kichwa cha samaki kila siku, na Toakase akaendelea kukiacha. Aliyefaidi ni paka.

Na kwangu pia aliukataa u-fahu wake. Nikishonewa gauni jipya, mila inamruhusu alichukue, basi. Yeye hataki kulichukua, anataka tuligombanie. "Ukinipa tu silitaki," ananiambia. "Nikatalie kwanza!" Tulipigana kwelikweli, tukavutana nywele, na jirani wakashangaa ni fahu gani huyu anayepigwa na mtoto wa mjomba wake. Kumbe yeye ndiyo raha yake.

Miaka ikaenda. Baba alimfundisha lori yeye, si Semisi, kwa kuwa Semisi akiona mteremko anafumba macho. Mama yetu akatangulia. Halafu ugonjwa wa sukari ukamshika baba, ukamla mguu, akawa mtu wa kuketi dirishani. Hapo ndipo shida ya nywele ilipoanza. Aliyekuwa akimkata ni mama. Sisi watoto haturuhusiwi. Kinyozi wa mjini hafuati mtu kijijini. Nywele zikaota mpaka mabegani, nyeupe, zimefungamana, na baba alikuwa mtu wa kujipenda, mtu wa mafuta ya nazi kila Jumapili kabla ya kanisa. Aliona aibu hata mchungaji akija kumwombea.

Siku moja Toakase amerudi bandarini, baba akamnyooshea kitana.

"Mkubwa wangu, hebu nitazame. Nimekuwa kiota."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Unajua."

Baba alijua. Nadhani alikuwa amejua muda mrefu. Lakini neno lile halikuwa lake kulitoa. Lilikuwa la Moala na kaka zake, na Kelepi hakuwahi kuiba hata nazi ya mtu. Akakishusha kitana mapajani.

"Basi utanichana siku ambayo sina mdomo wa kukuomba," alisema.

"Siku hiyo nitakuwa jikoni na wanao. Nitavaa mkeka uliochanika na nitakatwa nywele. Nimeshasema."

"Jikoni kuna moshi," baba akasema.

"Acha uwepo."

Hazikupita wiki nyingi, Kelepi akafa.

Msiba wa kwetu haumwachi mtu akae apendapo. Watoto wa marehemu ndio wa chini kabisa: tunajifunga mwilini, kama vazi la matanga, mikeka mikubwa mikuukuu iliyochanika, tunakwenda nyuma ya nyumba kuokea watu nguruwe na viazi katika shimo la mawe ya moto, na maiti hatumkaribii. Fahu anaketi penye kichwa cha marehemu, amevaa mkeka mzuri, na kila zawadi inayoletwa inawekwa mbele yake. Asubuhi ile nilipofika shimoni nilimkuta Toakase amekwisha kunitangulia. Alikuwa amejifunga mkeka mchafu kuliko yote, umempanda mpaka masikioni, anapasua kuni kama anayezidai.

Mzee Sosefo, binamu mkubwa wa baba, ambaye kwetu sisi ni baba mkubwa, ndiye aliyekuwa akiupanga msiba. Alimwona, akasimama.

"Toakase! Ni nini hiki?"

"Ni kuni, mzee."

"Usinichezee. Nafasi yako iko ndani."

"Ndani wakae wageni. Mimi nimefiwa na baba."

"Baba yako yuko njiani, anashuka kwenye ndege! Na wawili wengine wanakuja na boti ya saa sita. Watakukuta hapa na masizi usoni?"

"Wakinikuta watajua nimefiwa na nani."

Sosefo alinigeukia mimi, mzee wa watu, jasho linamtoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba dada wa Kelepi hayupo, na dada alizaa mmoja tu. Kiti kile kikikaa kitupu, Kelepi atalala mbele ya visiwa vyote kama mtu asiyekuwa na dada, mtu asiye na wa kumheshimu. Toakase aliyasikia yote, na shoka halikusimama.

Hapo mimi nilipandwa na hasira. Usiku kucha sikulala, baba yangu amekufa, na huyu anang'ang'ania kuni zangu! Nikalishika shoka likiwa juu.

"Toa, nisikilize. Unataka kuwa mwana, sawa. Mimi ndiye mwana. Unajua mwana anapata nini leo? Kipande cha ukuta. Nitamwona baba yangu kupitia dirisha la jikoni, basi."

"Kwa hiyo tutatazama wote."

"Na nani atamchana?"

Alilivuta shoka, nami sikuliachia.

"Mimi siwezi. Semisi hawezi. Huyu mzee ana umri tu, kwa cheo yuko chini yake kwa upande wa mama zao, hathubutu. Ana nywele kama kiota, alisema mwenyewe, na saa sita watu watakuwa wamejaa. Unataka azikwe hivyo, wewe ushinde?"

Aliliachia shoka. Aliingia bafuni na mkeka wake mchafu mwilini, akakaa humo mpaka Sosefo akaanza kukohoa. Alipotoka alikuwa amevaa mkeka mwembamba wa arusi ya mama yake, amejipaka mafuta, amenyooka kama mlingoti. Alinipita bila kuniangalia. "Nipe kitana," alisema, nami nikampa kwa mikono miwili.

Nilitazama kwa dirisha la jikoni, moshi unanila macho. Aliketi kichwani pake. Alianza na ncha za nywele, taratibu, anafungua fundo moja moja, anapaka mafuta, anafungua jingine. Watu walikuwa wakiingia na mikeka na nguo za magome ya miti, wakiziweka mbele yake, wakitoa hotuba ndefu za heshima. Wale baba zake watatu waliingia wamefuatana, nao wakapiga magoti. Hakuinua uso kwa mtu. Alimkata, akamchana, akazigawa nywele upande mmoja kama mama alivyokuwa akizigawa, na alipomaliza baba yangu alikuwa mtanashati wa Jumapili. Nililia nikashindwa kugeuza viazi. Semisi alivigeuza.

Tulimzika saa kumi. Tuliporudi ikabaki kazi moja, ya kuwakata nywele watoto wa marehemu, nayo ni kazi ya fahu. Tuliketi chini uani, watu wametuzunguka. Toakase akamnyoa Semisi. Akaja kwangu, akaushika msuko wangu wa miaka yote, akaukata kwa makasi mara mbili, ukaanguka mapajani mwangu. Kisha akaketi chini mbele yangu, akanigeuzia mgongo, na makasi akayapitisha begani.

"Haya. Na wangu."

Mzee Sosefo aliruka. "Haiwezekani! Fahu hakatwi nywele! Haijapata kuonekana!"

Toakase hakugeuka hata shingo. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya kwenye lori.

"Mzee, leo katika uwanja huu, neno la mwisho ni la nani?"

Sosefo akamtazama Moala. Moala akatazama ardhi. Neno la mwisho ni la fahu, na hilo hata kuku wa kwetu wanalijua.

"Ni lako," Sosefo akasema.

"Basi nimeamuru. Lesieli, kata."

Wahenga wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi, huyu nilikula naye, nikapigana naye, na sikuwahi kumgusa kichwa isipokuwa kwa kumvuta nywele. Nilimkata. Nywele zake ni nzito, makasi yalikuwa yakikwama, na yeye alikaa kimya kama tulivyokuwa tukikaa zamani mkekani mbele ya baba. Nilipomaliza nikaona mabega yale mapana yanatikisika. Nikaweka mkono wangu kisogoni pake, nikauliza lile nililotaka kuuliza tangu utotoni.

"Toa, baba alikuwa na nini pale kisogoni? Kile ulichokuwa ukicheka nacho."

Alijifuta pua kwa kiganja. Akanyoosha mkono nyuma, akakishika kidole changu, akakisogeza kidogo kichwani mwake mwenyewe, juu ya sikio la kulia, kisha nyuma mpaka kisogoni.

"Bonde," alisema. "Hapa. Nazi ilimwangukia akiwa mdogo. Kwake kidole kinaingia chote. Leo nimelitafuta, nikalikuta pale pale."

Akamwita na Semisi, naye aje aoneshwe.