Mfuko wa Mayai Kwenye Fremu

Iko siku moja ambayo sijaisahau, Neema mjukuu wangu, na jana ulipoegemeza baiskeli yako mpya ukutani kwangu ndiyo iliyonirudia. Umenunua mifuko mitatu sokoni Makambako, yote umeifunga kwenye baiskeli, na ule wa katikati umevimba kama shavu lenye jino bovu. Nilikuwa nachambua maharage, nikanyamaza. Lakini kesho unarudi kwa mumeo Makambako na mayai ya kuku wangu, mkaanze banda lenu. Kwa hiyo leo sinyamazi.

Nilikuwa mke mpya kama wewe. Kabla hatujahamia huku kando ya barabara, tuliishi Matembwe, kwao babu yako. Kwetu ni Lupembe. Mwaka ule mama yangu alikuwa amefariki, na nyuma yake kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita kikafagia mabanda. Kuku wa mama walikuwa wa kishungi cha manyoya kichwani, wenye miguu mifupi, watu walitoka vijiji vya mbali kumwomba mbegu. Wakabaki jogoo na tetea mmoja. Tetea akataga mayai machache, kicheche akamchukua. Yale mayai ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya mkono wa mama yangu.

Kule Matembwe mama mkwe alikuwa na kuku anayekalia kiota kitupu kwa ukaidi. Kuku wa hivyo akishakata tamaa humrudishi. Ilikuwa niyalete siku ile, la sivyo mbegu ya mama iishe.

Nikachukua baiskeli ya babu yako, nyeusi, ya kiume, yenye bomba la juu. Mfuko nilijishonea mwenyewe, wa kitenge, mpana, wenye maua na vifungo. Nilitaka Lupembe nzima ione kwamba nimeolewa na najua kushona. Nikaufunga katikati ya fremu kwa kamba moja, nikaondoka. Njia nzima ulinikwangua magoti, nami nikajifanya sisikii.

Mayai alikuwa nayo shangazi yangu, dada yake baba. Mwanamke mkavu yule, mchuma chai tangu usichana wake, vidole vyeusi kwa utomvu. Akautazama mfuko wangu.

"Mzuri," akasema. "Ni wa kwendea kanisani?"

"Wa mayai, shangazi."

"Haya. Panda nikuone."

Nikapanda. Akashika keria, akainua gurudumu la nyuma. "Kanyaga." Goti la kulia likagonga mfuko, la kushoto nalo likagonga.

"Sasa tia humo mayai ya mama yako," akasema. "Utayakoroga, ufike Matembwe umebakiza kuwasha moto tu."

Nikamwambia nitapanua magoti.

"Mpaka Matembwe? Utashuka unatembea kama bata, mumeo aturudishie."

Machozi yakanilenga. Si kwa ajili ya mfuko, mwanangu. Ni kwa yule aliyekuwa hayupo kunitetea. Shangazi akaona, na sauti yake ikashuka. "Sikukatazi mfuko, binti yangu. Ila umeuchagua kwa macho. Mfuko wa fremu unachaguliwa kwa magoti."

Akatoa sindano ya magunia, akaukunja ule mfuko, akaushona upya mpaka ukawa mwembamba, maua yangu yote yakaingia ndani. Nikaumia kidogo. Halafu akanionyesha kamba yangu ilipopita, juu ya chuma cha breki. Mimi sikuwa hata nimekitazama. Akaifungua. Akaufunga mfuko sehemu tatu, juu kwenye bomba, mbele karibu na usukani, na chini, kila kifundo mbali na breki. Akageuza usukani huku na huku aone kama haukwami. Kila yai akalivisha ganda la hindi, akalisimamisha ncha nyembamba chini, akajaza nyasi kavu kote. "Keria haifai," akasema. "Huko nyuma kila jiwe linapiga. Katikati ndiko kwenye utulivu."

Njiani kurudi, kwenye mteremko, lori la majani ya chai likatokea konani likiwa katikati ya njia. Nikabana breki, na breki ikashika. Nikaishia mtaroni, tope mpaka kwenye muundi, baiskeli imesimama, nami nimeukumbatia mfuko. Dereva akachungulia. "Dada, umebeba nini unakumbatia hivyo?"

"Mayai."

"Nilidhani mtoto," akasema, akaenda zake akicheka.

Sikufungua mfuko mpaka nyumbani. Hakuna lililopasuka. Mama mkwe akayaacha yalale usiku mmoja yatulie, asubuhi akamwekea kuku wake. Mengine yalioza, sikudanganyi. Lakini siku zilipotimia kikatoka kifaranga chenye kijivimbe kichwani, halafu kingine. Nikakaa chini palepale bandani, kwenye mavi ya kuku, nikaita jina la mama.

Ndio hawa, Neema. Hawa waliodonoa mfuko wako asubuhi.

Basi sikiliza. Ule uliovimba niachie mimi, nitawekea vitunguu. Wa nyuma ya tandiko utie spana na viraka, usiviweke na mayai. Mayai yaende kwenye ule mwembamba, uufunge pale katikati ya fremu, na kabla hujaondoka upande mimi nikushikie keria, nione magoti yako. Huo utepe wa kunata uliofungia mifuko yako ukishika tope unaachia, kwa hiyo juu yake funga mpira wa tairi. Waya wa breki usiufunike na kitu chochote, hata kiwe kizuri namna gani. Na huko ndoani kwako ni hivyohivyo, mwanangu. Usilete ndani kitu kwa sababu majirani watakisifu. Kijaribu kwanza ukiwa unatembea nacho, na ukiona kinakukwangua, sema mapema, usijifanye husikii kama nilivyofanya mimi.

Mungu akushikie breki kwenye miteremko na akusukume mgongoni kwenye vilima. Kiota chako kisikose joto. Na wakitoka wenye kishungi, yule wa kwanza umwite kwa jina la mama yangu, hata kama ni jogoo.