Aliyebaki Mnarani

Siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na juzi imenirudia nilipokusikia ukipanga kwenye simu safari ya Matema. Ulikuwa unawatajia wenzako: tutaoga ziwani, tutapanda mpaka kwenye mnara wa taa, tutakula samaki, jioni tunarudi Tukuyu. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Masikio yangu yamezeeka, lakini bado yanafanya biashara. Basi kaa nikusimulie ya kwetu, kisha utaamua mwenyewe.

Nilikuwa nimeolewa huku Kyimo, karibu na Tukuyu, mwaka haujatimia. Nilizaliwa Mbeya mjini, mama yangu akiuza mchele sokoni, kwa hiyo kuhesabu nilijua kabla sijajua kusali. Huku nikaanza kuuza ndizi kando ya barabara kuu. Mikungu ikishushwa nahesabu, ikipakiwa nahesabu tena. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari langu lilikuwa kichwani, halilowi mvua. Babu yako wakati huo alikuwa kazini mkoa mwingine, mimi nikikaa na wazazi wake.

Kuhesabu kulinishinda mahali pamoja tu, kwa baba mkwe.

Siku hizo desturi yetu ya kutila ilikuwa bado ina meno. Mke wa mwana hamtazami baba wa mume. Hataji jina lake, wala hali naye meza moja. Mkikutana njiani unaingia kwenye migomba, unajifunika kanga, unampa mgongo mpaka apite. Ninyi leo mnagongana ngumi na wakwe zenu, mnaona tulikuwa washamba. Haya. Lakini kwa mtu mwenye upendo, hata mgongo una maneno. Baba mkwe alikuwa akirudi shambani anaanza kukohoa akiwa bado mbali, ili nipate nafasi ya kutoka njiani taratibu, nisikimbie na ndoo ya maji kichwani. Kikohozi kile ndicho kilikuwa salamu yake. Nilikijua kuliko sauti ya redio.

Basi kwaya ya kanisa ikapanga kwenda Matema kutalii. Tulipata lori la kubebea majani ya chai, tukalitandika majani makavu ya migomba, tukaondoka alfajiri na ubaridi wetu wa Tukuyu hadi Kyela joto likatuvua masweta. Baba mkwe naye alikuja, na akapewa kiti cha mbele kwa dereva, nami nikawa nyuma kwenye turubai na mama mkwe. Wakaniambia, wewe muuza ndizi, kazi yako kuhesabu watu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ishirini na tisa.

Tulipofika, tukapanda mlima kwenda kwenye mnara. Ni mnara mfupi wa mawe, umekaa juu ya mwamba unaochungulia ziwa, na zamani uliwashwa taa usiku kuonya vyombo visije vikapanda miamba. Njia ni nyembamba, upande mmoja kichaka, upande mwingine maji yako chini kabisa. Mimi nilitembea wa mwisho, nimejifunika. Huko mbele nikamsikia baba mkwe akimsimulia dereva kwamba ujanani mwake taa ile aliiwasha yeye. Kila jioni alipanda na kibuyu cha mafuta ya taa, kila asubuhi akashuka akiwa ananuka moshi, wasichana wakamkimbia. Nilicheka ndani ya kanga. Kutazama kulikatazwa, mwanangu, kusikia hakukukatazwa.

Tukashuka kula. Hapo kwenye samaki nilikuwa nyumbani. Mvuvi mmoja alikuwa na mbasa wanene, wanang'aa kama sufuria mpya, akataja bei ya watu wenye masweta mkononi. Nikamwuliza kama na ziwa limo kwenye bei hiyo. Tukavutana mpaka jasho likatutoka wote wawili, mwishowe akasema, "Dada, chukua na mtumbwi basi, nibaki na kasia." Akanipa na mmoja wa nyongeza. Tuliwachoma, tukala na wali wa Kyela na ndizi zetu za kuchemsha. Yule wa nyongeza nilimfunga kwenye jani la mgomba, nikamkabidhi mama mkwe. Hakuniuliza ni wa nani.

Jioni, lori linaunguruma, kiongozi wa kwaya akapaza sauti kuuliza kama hesabu imetimia. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ishirini na tisa. Nikasema twendeni.

Tulikuwa tumeshaacha ziwa nyuma, mashamba ya mpunga yameanza, ndipo mama mkwe akagonga bati la mbele ili lile furushi la samaki lipelekwe kwa mzee. Dereva akasimama. Dirishani akachungulia mwalimu wa kwaya, mtu mwenye magoti mabovu, amekaa kwenye kiti cha mzee.

"Mzee yupi?" akauliza. "Si alihamia nyuma kwenu?"

"Nyuma hayupo," akasema mama mkwe.

Kisha mtu mmoja akauliza, polepole, aliyehesabu ni nani.

Unaona nilivyofanya? Asubuhi nilipohesabu, kiti cha mbele sikukitazama. Ningekitazamaje? Nilihesabu waliokuwa nyuma, nikamwongeza dereva, nikaona nimemaliza. Mwalimu wa kwaya asubuhi alikuwa nyuma, jioni akahamia mbele, nami kwa kuwa nilimwona akipanda nikamhesabu. Hesabu ilikuwa sahihi mara nne. Mzee hakuwamo hata mara moja.

Nilijua yatakayosemwa Kyimo. Yule msichana wa mjini, aliyeokotwa sokoni, ameenda kumtupa baba wa mumewe Matema kama ganda la ndizi. Ningerudishwa kwetu na hakuna ambaye angenitetea, hata mimi mwenyewe. Lakini lori lilipokuwa linageuza, nakwambia kweli, hilo lilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa ile njia nyembamba, na jua lililokuwa linaondoka, na mtu wa umri ule peke yake.

Wengine walikimbilia kwenye mitumbwi, wengine wakaenda kuuliza kwenye nyumba za wageni. Mimi nilipanda mlima. Sikuomba ruhusa. Mtu aliyewasha taa mahali, akifika pale atarudi kuiaga.

Nilikuwa bado sijauona mnara niliposikia kikohozi. Nikajifunika, nikasogea hadi kwenye ukuta wa mnara, nikageukia ziwa. Yeye, nilisikia, akajivuta upande wa pili wa ukuta. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile guu lililoteguka lilikuwa la mkuu mwenyewe. Kama nilivyokuja kusikia baadaye, alikuwa amerudi juu wakati sisi tunachoma samaki, akakanyaga jiwe legevu, akashindwa kushuka. Aliita, lakini kwaya ilikuwa inaimba.

Basi tukawa tumesimama, mnara katikati yetu. Hakuwahi kusema nami neno hata moja tangu niolewe, na hata siku ile hakusema nami. Alisema na mnara.

"Mnara," akasema, "nilikuwa nakuwasha ili hata mtu nisiyemjua asipotee ziwani. Leo nimepotezwa na mtu anayenipikia kila siku. Hebu mwulize, alinihesabu?"

Machozi yalinitoka, na kicheko kikawa kiko nyuma yake kinasukuma. Nikajibu nikiwa nimetazama maji. "Mnara, mwambie baba nilihesabu mara mbili. Nilimruka kwa heshima."

Nikasikia fimbo yake ikigonga jiwe.

"Mwambie," akasema, "heshima ni kugeuza uso. Sikumwomba anitoe kwenye idadi ya watu."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi, wengine kwa kelele, mmoja kwa mwiko. Hakuna kemeo lililoniingia kama lile lililopitia kwenye mawe.

Giza lilikuwa linakuja na kungoja wanaume kusingefaa. Nikavua kanga yangu ya pili, nikaipindapinda kama kamba, nikashika ncha moja begani na ncha nyingine nikaitupa nyuma. Nikasikia imeshikwa. Fimbo mkono mmoja, kanga mkono mwingine, tukashuka hivyo, mimi mbele sigeuki, yeye nyuma anachechemea. Maumivu yakimzidi anavuta, nasimama. Akipumua vizuri analegeza, tunaendelea. Sikumtazama hata mara moja, na sijawahi kuwa karibu na mtu kiasi kile.

Chini watu walikuwa wamejikusanya. Wazee wa kanisa walitazama ile kanga, wakatazamana. Kabla yeyote hajafungua mdomo, baba mkwe akamwambia dereva kwamba kosa ni lake, alichelewa akiongea na rafiki. Dereva akauliza rafiki gani. Akasema, wa mawe. Mama mkwe akamkabidhi furushi la samaki, akasogea kunipa nafasi pembeni yake.

Mwalimu wa kwaya akarudi nyuma na magoti yake. Mzee alipokwisha kupanda, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye turubai, "Sasa hesabuni. Na anayehesabu aanzie huku mbele."

Nikampa mgongo, nikanyoosha kidole nyuma ya bega langu, nikasema, "Mmoja." Watu walicheka hadi lori likatikisika. Tukawa thelathini.

Jina lake sijalitaja mpaka leo, lakini tangu siku ile, hata kwenye sahani za jioni, nilianza na yake.

Sasa wewe. Najua lipo kundi la familia kwenye simu, na najua mimi simo. Uliwaambia wenzako, bibi tumheshimu, tutatumaje vichekesho mbele yake. Halafu Matema ni mbali, bibi apumzike. Maneno ya adabu kabisa, siyapingi. Ndivyo nilivyoanza mimi. Mzee wako unayemwogopa, shangazi usiyempigia simu usije ukamsumbua, hao umewapa mgongo kwa adabu, sawa. Ila angalia wasije wakabaki mnarani wakati wewe unasema hesabu imetimia. Unayemheshimu mhesabu wa kwanza, kisha ndipo ugeuze uso.

Mungu akupe barabara kavu na mbasa mwenye mafuta. Akupe wajukuu wajeuri wakukumbuke. Na yeye anayetuhesabu sote asikuruke popote utakapokuwa.

Bei ya samaki msikubali ya kwanza. Tena kwa nini niwafundishe kwa maneno? Sweta langu nimeshalitoa sandukuni. Mkianza kuhesabu, mimi nimekaa huku mbele.