Magadi ya Sabuni

Siku hizi wajukuu zangu wanachagua sabuni kwa harufu. Hii ya limau, ile ya asali. Nawatazama tu. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa sisi tulitaka itoe povu, basi, na hata hiyo ikaadimika. Sabuni ya mche ikawa kitu cha kusimuliana. Nguo tulifua kwa maji ya majivu, mwili tukausugua kwa dodoki kavu, na chawa wakatuzoea.

Baba alikuwa kibarua wa mkonge upande wa Korogwe, sisi tukikaa kijijini kwetu Handeni. Siku moja alirudi na kifurushi cha karatasi ya kaki. "Nimeleta magadi ya sabuni," akasema. Ukiyayeyusha kwenye maji na kuyachanganya na mafuta, alieleza, vyote viwili vinapotea, unapata sabuni. Ni kweli kabisa. Ila yakikosa mafuta ya ng'ombe yanatafuta mafuta ya ngozi yako, kisha nyama iliyo chini yake. Hilo hakuambiwa, au aliambiwa akasahau, nani ajuaye! Akakiweka kifurushi jikoni, akaenda kusalimia watu.

Sasa, kwetu Wazigua magadi ni magadi. Ni yale unayotia kwenye mlenda. Bibi, mama yake baba, macho yake yalikuwa na ukungu, na neno lile lilimfurahisha mno. Mama alipokwenda mtoni, bibi akateleka mlenda, akachota kijiko, akatia. Chungu cha udongo hakikuonyesha dalili yoyote. Kisha akadondoshea kidogo kiganjani aonje, kama wanawake wote wanavyoonja, kabla ya kumlisha mdogo wangu aliyekuwa akitambaa pale miguuni. Kitu kile kikigusa ngozi huteleza, ndiyo alama yake. Lakini mlenda nao si unateleza? Angejuaje, masikini! Akalamba.

Mimi nilikuwa uani napukuchua mahindi. Nilisikia chungu kikipasuka. Nikakimbilia ndani, nikamnyakua mtoto. Bibi alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. Mama akatokea, akaiona karatasi iko wazi, akaangusha ndoo.

Baba akaitwa mbio huko alikokuwa, akambeba bibi mgongoni hadi zahanati. Mama nyuma, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Nami nikawafuata mbio, roho mkononi.

"Kala nini?" akauliza mganga.

"Magadi, daktari."

Mganga akacheka. "Mzee, magadi tu? Mimi mwenyewe nimeyala jana. Mpeni maji, mrudi nyumbani."

Nilitamani kumng'ata. Baba akarudia, "Magadi, daktari, lakini haya ni magadi ya..." na kila alivyolisema ndivyo yule bwana alivyozidi kutabasamu. Baba hakuwa na neno jingine! Mate yenye damu yalikuwa yanamtoka bibi, midomo imevimba, meno ameyakaza.

Mama hakubishana. Aliiendea sufuria ya kuchemshia sindano, akamwaga humo yote yaliyobaki kwenye karatasi. Maji yakafoka, mvuke ukapanda, sufuria nyeupe ikaanza kuwa nyeusi mbele ya macho yetu. Sufuria si chungu. Kitu kile kinaila.

"Haya, daktari," mama akasema. "Onja."

Yule bwana akaruka nyuma. Tabasamu lilimtoka lote. Akamtuma mtu mbio barabarani asimamishe lori lolote liendalo Korogwe. Lori lilipatikana, hospitali wakampokea, na bibi aliishi miaka mingi baadaye, kwa uji na maziwa. Lakini pale zahanati sisi hatukujua kama angefika hata Segera. Mganga alileta maji ya kumsukutua, na bibi akakataa kufungua mdomo. Baba alimsihi huku analia. Wapi! Bibi akapapasa mpaka akaushika mkono wa mama, akanyoosha kidole kwa mtoto aliye mgongoni, halafu akaigusa midomo yake mwenyewe.

"Hajala, mama," mama akamwambia. "Wallahi hajaonja hata tone."

Hapo ndipo bibi alipofungua mdomo.