Saa Kumi Alasiri

Kheiria hakai akatulia. Akiketi ananyanyuka, akinyanyuka hajui anafuata nini. Kisa ni Rahaf, bintiye wa miaka kumi, anayeongoza darasa lake kwenye skuli ya serikali huku Mabela. Jumuiya moja ya hisani imempa vocha ya kumlipia ada skuli ya binafsi, tena ile ile ambayo Kheiria ni msimamizi wa basi lake. Furaha ilidumu siku tatu. Mtihani wa kuingilia ulikuwa Kiingereza kitupu, na jibu likaja kwamba Rahaf atapokewa, ila arudi darasa moja nyuma. Mzazi ajaze fomu na atie sahihi kabla ya Alkhamisi.

"Mwanangu arudi nyuma! Kakosa nini?" alifoka jikoni.

"Nna kizunguzungu mie kukutazama," alisema mamaake, Bi Shaikha. "Kaa kitako!"

Hakukaa. Kesho yake basini aliwauliza watoto, wale wanaofaulu kama mchezo, nani anawafundisha Kiingereza. Walimjibu kwa kelele, kila mmoja na mwalimu wake wa nyumbani. Kheiria akajiona mpumbavu. Milango ya walimu hao si anaijua yote? Mwaka wa sita huu, kila saa kumi alasiri, ni yeye anayewashusha watoto hapo. Vocha inalipia asubuhi tu. Alasiri ya Rahaf haina mtu wa kumsaidia masomo, maana yeye mamaake yuko huku na watoto wa wenzake.

Jioni aliishika tena fomu. Swali la mwisho liliuliza nani atamsaidia mtoto masomo nyumbani. Lilikwisha jazwa, kwa mwandiko wa Rahaf mwenyewe: "Mimi." Kheiria alilia waziwazi, kisha akatia sahihi.

Rahaf alianza skuli mpya Jumapili, wiki ya skuli inapoanza huku. Siku ya pili yake, mtoto mmoja wa basini, Khulood, aligoma kushuka mbele ya nyumba ya mwalimu wake kule Sib.

"Nimechoka, khala," alisema, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu kama wenzake. "Leo sitaki."

Saa hiyo Rahaf alikuwa nyumbani, mezani peke yake na kamusi. Kheiria alitamani amwache huyu arudi zake kwao, siku moja tu, aone na yeye kukosa mwalimu kulivyo. Lakini alimshika mkono, akambebea begi, akabisha hodi.

"Ingia, mama," alimwambia. "Ingia usome."