Baba na Makorongo ya Pugu

Wiki iliyopita fundi alikuja kukwangua kuta za sebule yangu, na vumbi lile jeupe liliponijaa puani likanipeleka moja kwa moja Pugu, likizo ile nilipokuwa na miaka tisa.

Likizo zote tulikwenda Singida kwa babu. Mwaka ule baba alikuwa amepunguzwa kazini, nauli hakuna, na pale kwetu Tabata tuliishi kwa cherehani ya mama. Baba akawa mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba ruhusa hata ya kuvuta kiti, na upole ule uliniogopesha. Jumamosi moja akachangamka ghafla. "Kwani makorongo yako Singida tu? Leo nakupeleka Pugu, tukatembee. Sie tumekulia humo."

Kuta za Pugu zilikuwa nyeupe, ndefu kuliko nyumba, na chini mchanga mkavu uliomeza viatu. Baba alitangulia kifua mbele, akipiga mluzi. Alinieleza kwamba kwao mtu haulizi njia. Unafuata mchanga unakoteremkia, utatokea mtoni, na mtoni kuna watu. Tulikutana na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema. "Kaka, huko mbele hakutokei." Baba alimshukuru kwa heshima zote, kisha akaendelea mbele.

Makorongo ya kwao yamechimbwa na mvua. Haya yalichimbwa na watu waliotafuta udongo, na walipotosheka walikwenda zao. Tuliteremka mpaka ukutani. Tukajaribu tawi jingine, ukuta tena. Maji yakatuishia. Mara ya tatu baba aliketi mchangani, akaniuliza polepole, "Mwanangu, unakumbuka tulipita wapi?"

Nilikumbuka. Kwa uchovu nilikuwa nikitafuta vya kuchekesha njiani: mzizi unaoning'inia, na mwamba wenye pua ya mwalimu wetu wa hesabu. Nikamtoa kwa kufuata alama hizo.

Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Kabla sijafungua mdomo, baba akamwambia mama, "Mtoto kachoka, ikabidi tugeuze."

Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Nikamtazama. Alikuwa anakung'uta suruali ambayo ilishakung'utika zamani.

"Ndiyo mama," nikasema, "miguu iliniuma."

Niliogopa kwamba nikisema kweli, yule baba wa kuomba ruhusa angerudi. Siri ile niliitunza miaka mingi, nikijiona shujaa, hadi siku ya arobaini ya baba nilipomsimulia mama. Aliacha kuchambua mchele, akacheka huku analia.

"We unadhani sikujua? Niliwaona mnavyokuja. Wewe ndo ulikuwa umemshika yeye mkono."

Miaka yote nilidhani nimemsitiri baba peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili.