Meno Ishirini na Mawili

Kaka yangu alikuwa fundi baiskeli kule Kibeta. Miaka ile ugonjwa ulipoanza kuwamaliza watu wa rika lake, naye alirudi nyumbani Kishanda na mfuko wa spana na kikohozi. Jina la ugonjwa hatukulitaja. Tulisema tu kwamba anaumwa.

Hospitali ilikuwa mbali na gari hatukuwa nalo. Wa kumpakia nilibaki mimi, msichana mbishi niliyejifunza baiskeli kwa kujificha, maana kwetu walisema mwanamke hapandi. Kaka aliitazama miguu yangu, akaitazama keria, akasema gia ile haitufai. Friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma inayovutwa na mnyororo, ilikuwa ya meno kumi na manane, nzuri kwa mtu mmoja mwenye haraka zake. Alikaa chini ya migomba akifungua na kupumzika, kufungua na kupumzika, hadi akafunga ya meno ishirini na mawili, ya polepole lakini nyepesi mlimani, na kuongeza kipande cha mnyororo. Nililalamika kwamba kwenye tambarare tutapitwa hata na kuku. Akacheka, akasema haraka haraka haina baraka. Gia huchaguliwa kwa kuangalia mlima na mzigo.

Kila baada ya wiki mbili nilimfunga mgongoni kwangu kwa kanga ya mama, tukaondoka kwenda hospitali. Gia ilikuwa sawa kila mahali isipokuwa kwenye mlima wa kuingilia Kagoma. Hapo nilishuka kila safari nikasukuma, yeye ameshikilia tandiko, nami niliona aibu, kwa kuwa gia ile aliifunga kwa ajili ya mlima huo hasa.

Asubuhi moja niliivuka ile kona ya mlimani iliyokuwa ikinishusha, bila kushuka. Nilinyonga na pedali zikaitika. Nilifurahi mno, nikamwambia kwamba sasa miguu yangu imekomaa, aje mwanamume yeyote tushindane.

"Si miguu, mdogo wangu," alisema. "Ni mimi nimepungua. Tukirudi nitakufungia ile ya kumi na manane."

Furaha yote ilinitoka, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamwambia hapana, yeye bado ni mzito, tena leo amenichosha kweli. Nikashuka. Sikuwa nimechoka hata kidogo, lakini niliisukuma baiskeli ile mpaka juu, nikihema kwa nguvu ili asikie.