Vifurushi vya Kukimbilia

Kabati letu la nyumbani Kamwokya, mtaa wa Kampala, lilikuwa la mvule, lenye milango miwili na kioo kirefu upande wa ndani. Baba alilinunua alipokuwa bado askari polisi, enzi ambazo mshahara ulikuwa na maana. Kila mgeni alilisifu, nasi tulipokea sifa bila kulifungua, kwa sababu ndani hamkuwa na nguo hata moja iliyotundikwa. Mlikuwa na vifurushi tu. Kila kimoja kilifungwa kwa kitenge chakavu, fundo likakazwa kwa meno: kimoja cha baba, kimoja cha mama, kimoja changu, kimoja cha mdogo wangu wa kike, na kingine cha sufuria, chumvi na sabuni. Mimi, mwanamke mzima mwenye kazi yake, nguo zangu nilizilundika kwenye maboksi chini ya kitanda.

Vile vilikuwa vifurushi vya kukimbilia. Mama alivifunga tuliporudi Kampala baada ya vita vya themanini na sita, na hakutaka mtu aviguse.

Serikali ilipoanguka mwaka ule, sisi watu wa kaskazini wenye baba askari hatukukaa kungoja kuulizwa maswali. Mama alikuwa amevaa nguo za kanisani: sketi nyembamba ya rangi ya kahawia, yenye kubana magotini, ambayo alikuwa akiipenda sana. Hakupata nafasi ya kuibadilisha. Alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, na kwa mkono mwingine akabeba kitu cha kwanza alichokiona, nacho kilikuwa pasi ya mkaa. Tulipofika barabarani akashindwa kukimbia. Akaniachia mkono, akaushika mpasuo wa sketi kwa nyuma, akauchana mpaka kiunoni mbele ya watu wote, kisha tukaendelea. Tulifika kaskazini, mama akiwa na sketi iliyochanika na pasi isiyo na nguo ya kunyoosha. Baadaye tulikuja kuicheka ile pasi. Ile sketi hakuna aliyewahi kuicheka.

Tangu siku hiyo mama hakuvaa nguo ya kubana. Kila gauni jipya alilijaribu chumbani kwa kuinua magoti juu kama askari kwenye gwaride, na kama kitambaa kilimzuia, alilirudisha. Miguuni alivaa raba. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Baba alirudishwa kazini, akastaafu, akafa kwa maradhi akiwa kitandani mwake, na kifurushi chake kikabaki kabatini pamoja na vingine, utadhani marehemu naye angeamka kukimbia nasi.

Mambo yangeendelea hivyo kama mimi nisingechumbiwa.

Nilipomweleza mama mipango ya harusi alisikiliza vizuri, akauliza chakula kitatosha, kisha akanipa taarifa yake. "Mimi navaa ile kitenge yangu kubwa na raba. Na mimi nakaa karibu ya mlango."

"Mama, wewe ni mama wa bibi harusi. Mahali pako ni benchi la mbele!"

"Mbele iko mbali na mlango."

Nilipandisha sauti, nakiri, maana mimi hasira yangu iko karibu. Nilimwambia kwamba wakwe wanakuja na magauni yao ya gomesi yanayometameta na wajomba waliovaa kanzu, na mama yangu atajibanza mlangoni amevaa raba kama mtu aliyeingia kukwepa mvua. Nilimwambia vita vimekwisha zamani. Nilimwambia lile kabati limegeuka kaburi na nitalifungua mwenyewe. Kwa kweli nilichotaka ni kitu kimoja tu: siku ile nimwone mama yangu amekaa mbele, amependeza, ametulia. Baba hayupo. Kama naye angekaa mlangoni, mbele upande wetu kungekuwa na benchi tupu.

Mama aliningoja nimalize. Kisha akainama, akavuta boksi langu moja kutoka chini ya kitanda. "Wewe nasema mimi nafungafunga vitu. Na hizi? Anza na zako."

Hapo alinipata. Nilikuwa nikifanya kazi ya ukarani kwenye ghala moja huko viwandani, upande wa Bugolobi, na kila nikitoka kazini na hela kidogo nilipitia Owino, soko la mitumba. Sikuwa mnunuzi, nilikuwa mwokotaji. Wauzaji wakipiga kelele kwamba kila kitu kwenye rundo ni bei moja, mimi nilikuwa tayari nimeinama. Tulimwaga maboksi kitandani, na hata mimi nilishtuka. Kulikuwa na sweta nene za watu wanaoishi kwenye barafu. Kulikuwa na makoti yasiyo na vifungo niliyojiahidi kuyatafutia vifungo, suruali ya kuvaa siku nitakapokonda, na blauzi ya kumetameta ambayo sikumbuki hata niliinunua nikiwa na akili gani.

"Hii ya kwenda wapi?" mama aliuliza, ameishika ile blauzi kwa vidole viwili.

Nikaweka sheria papo hapo: nguo ambayo sikuivaa tangu mvua zilizopita, inaondoka. Isiyonitosha leo, inaondoka. Inayongoja fundi kwa miezi, inaondoka, na fundi asisingiziwe. Zikabaki chache zilizojaa mkono mmoja, na nilipoziangalia nikagundua kwamba ndizo hizohizo nilizokuwa nikizivaa kila wiki.

Mtaani kwetu hapakosi mwanamke anayepita na mabeseni ya plastiki kichwani, anayebadilisha mabeseni kwa nguo kuukuu. Wetu alikuwa Muganda mwenye sauti kali, na siku ile nilimwita kwa mara ya kwanza. Alizipekua nguo zangu mlangoni huku akisonya. "Hii nzuli, hii mbaya, hii mbaya," akasema, lakini mwishowe akaacha mabeseni mawili makubwa na jagi. Mama alilichukua beseni moja, akaligongagonga kitako, akaridhika nalo. Halafu, bila kuniangalia, akaingia ndani akafungua kabati.

"Toa ile yako," alisema.

Fundo lilikataa kufunguka, nikalikata kwa kisu. Ndani mlikuwa na chupi za mtoto, sweta ya shule, na gauni la manjano lenye lasi shingoni. Nililipima kifuani. Liliishia kitovuni. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amerudi kutoka chuo cha uuguzi, akafungua kifurushi chake, akatoa soksi zilizotosha vidole gumba vyake tu. Miaka yote ile mama aliviosha vifurushi kila kiangazi, akavianika, akavifunga tena. Kama vita vingerudi, tungekimbia tukiwa tumebeba nguo za watoto wasiokuwepo tena.

Nilimgeukia nikiwa na maneno makali mdomoni, nikakuta anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mdogo wangu alijivika lile gauni kichwani kama kofia, tukashindwa kujizuia wote watatu.

"Mama, hukuona kwamba tunakua?"

"Niliona," alisema, akijifuta macho. "Lakini ningeweka kubwa, ni kusema kwamba tutakimbia tena. Nikitoa zote, ni kusema hatutakimbia. Mimi hapana jua ile gani ni kweli. Nikaacha tu."

Hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kunipa, na hasira yangu yote iliishia hapo. Nilimkumbatia palepale sakafuni, na hakupenda, lakini alivumilia.

Nguo za watoto zilienda kwa mwanamke wa mabeseni. Kifurushi cha baba mama alikifungua peke yake. Alitoa shati jeupe la baba, akawasha mkaa, na pasi ileile iliyokwenda kaskazini na kurudi ikalinyoosha mpaka kola ikasimama. Akalitundika. Lilikuwa vazi la kwanza kuning'inia kwenye kabati lile tangu vita, na hatukulitoa.

Ikabaki nguo ya mama ya kuvaa harusini; alikubali tukaangalie. Kamati ya harusi ilikuwa imekwishakula karibu kila senti, na kilichobaki kingenunua nguo moja nzuri ya Owino au nusu ya nguo mbaya ya dukani. Nilichagua Owino, na safari hii nikaenda kama mnunuzi. Nilikwenda na mama siku ya kufungua belo jipya, yaani robota la mitumba, asubuhi, kabla wenye maduka hawajazichukua nguo za gredi ya kwanza. Nilivaa sendo za kukanyagia tope na nikabeba leso kubwa, maana huko hakuna chumba cha kujaribia. Nilimwambia mama tusiangalie marundo ya chini hata kama yanatuita kwa majina.

Kibanda tulichokwenda kilikuwa cha mama mmoja Mkongo wa Bukavu, mnene, mcheshi, anayeuza suti za wanawake tu na kuzitundika moja moja. Mama alipenda kuzungumza naye kwa sababu alijua Kiswahili, si Kiganda tu. Yule Mkongo alikata kamba za belo mbele yetu, na mimi nikaanza kazi. Niliivuta mishono kuona kama uzi unaachia. Niligeuza makwapa nje, nikayanusa. Niliinua vitambaa kwenye mwanga kutafuta pale palipoliwa na nondo. Zipu niliipandisha na kuishusha, kwa sababu nguo nzuri yenye zipu mbovu ni kazi ya fundi tena.

Mama alikuwa akipima kwa njia yake. Kila nilichomwonyesha alikivuta upande wa magoti, akauliza, "Hii nakimbia nayo?" kisha akakiweka chini.

Yule Mkongo alimtazama kidogo. "Mama, ulishakimbia vita?"

"Nilikimbia."

"Mimi pia. Nilitoka Bukavu na viatu vya mutalimbo, vile vya kisigino kirefu, njo vilikuwa kwa muguu. Siku ya kukimbia hauchague, mama. Mutu anakimbia na ile iko nayo ku mwili, akifika anafika." Akakung'uta koti, akalitundika. "Sasa minauza nguo. Angalia yenye unapenda."

Mama alisogea kwenye belo akaingiza mikono mwenyewe. Nikamwachia nafasi, na hilo kwangu si jambo dogo. Akatoa suti ya bluu iliyokolea, koti na sketi, sufu laini na bitana isiyo na hata mkwaruzo. Niliikagua kwa pupa nikitafuta kasoro, sikuona. Sketi ilikuwa nyembamba, ya kufika chini ya goti, na mpasuo wake wa nyuma ulikuwa bado umefungwa kwa uzi mweupe uliopishana, ule wanaouweka kiwandani. Maana yake hakuna mtu aliyewahi kuivaa. Mama alikuwa ameweka kidole chake juu ya ule uzi.

Mimi na yule Mkongo tukashika leso pande zote, mama akabadilisha katikati ya kelele za soko. Tulipoiondoa, alikuwa amesimama wima, ameweka mkono kiunoni. Alijaribu kuinua goti. Halikuinuka. Akajaribu hatua ndefu, akashindwa, akapiga fupi.

"Hii siwezi kimbia nayo," alisema.

"Basi tuangalie nyingine, Mama," nikasema haraka.

"Nani anataka nyingine?" Akamgeukia muuzaji. "Nifungie."

Nilipiga vigelegele palepale, na wenye vibanda vya jirani wakaitikia bila kujua tunashangilia nini. Mkongo alipunguza bei bila kuombwa. Tulipita pia kwa wauza viatu, na mama akachagua vya ngozi vyenye kisigino kifupi, vilivyotengenezwa vizuri, kisha akaniambia nibebe mfuko maana yeye amechoka kubeba vitu.

Usiku wa kuamkia harusi nilichukua wembe nikate ule uzi wa mpasuo, kama inavyotakiwa. Mama akauondoa mkononi mwangu. "Hapana kata. Acha hivyo hivyo." Nilimweleza kwamba watu watauona, kwamba utamzuia kutembea. Alisema amenisikia, akaitundika suti kabatini karibu na shati la baba, akafunga mlango.

Asubuhi nilisimama na shela langu mlangoni pa kanisa, na mama akatangulia kuingia, kama desturi ilivyo. Alilipita benchi la nyuma, pale alipokaa miaka yote, bila hata kuligeukia. Shangazi wa bwana harusi alininong'oneza kwamba mama yangu amesahau uzi kwenye sketi, mtu amkimbilie akaukate. Nikamwambia asithubutu. Sketi ilimruhusu mama hatua za kitoto tu, na njia ya katikati ilikuwa ndefu. Mpiga kinanda alimaliza wimbo, akatazama, akauanza upya. Kanisa zima lilikuwa limesimama likimngoja, na ule uzi mweupe ukatangulia mbele yangu taratibu mpaka benchi la kwanza, naye hakuwa na haraka yoyote.